Niliendelea Kucheza Gemu kwa Jina la Mdogo Wangu Aliyefariki

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili mtu asije akanitafutia visingizio, maana mimi mwenyewe nimeshavitafuta vyote na hakuna hata kimoja kilichonisaidia. Sikutumwa na mtu. Sikulazimishwa. Nilifanya nikiwa na akili zangu timamu, tena nikiona raha!

Mimi ni mwanamke, nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha chai huku Rungwe. Nyumbani ni Ikuti, nilikuwa naishi na mama. Baba alitangulia tukiwa bado wadogo. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Nitamwita Gwamaka. Si jina lake, lakini lazima nimwite kitu.

Gwamaka alikuwa fundi simu, ana kibanda chake Tukuyu karibu na soko. Simu ikizima, kompyuta ya mtu ikigoma kuwaka, wanampelekea yeye. Akimaliza kazi anafungua gemu. Lilikuwa lile la kujenga mji wako na kuulinda usivamiwe, na unakuwa na mwenzako wa timu ambaye anaweza kuwa popote pale duniani.

Uzuri wa gemu lile, alinieleza mpaka nikachoka, ni kwamba halichagui chombo. Mmoja yuko kwenye simu, mwingine kwenye kompyuta, mwingine kwenye televisheni ameshika pedi ya kuchezea, na wote mnakutana uwanja mmoja. Tena akaunti yako inakufuata. Ulichojenga kwenye simu, ukifungua kwenye kompyuta unakikuta. Meseji zako na sauti mlizotumiana, zote unazikuta.

"Dada, hata simu hii ikitumbukia mtoni, mimi sijapoteza kitu," alikuwa ananiambia. "Vitu vyangu havikai kwenye simu. Viko huko juu."

Mwenzake wa timu alikuwa kijana wa Tanga, nitamwita Shabani. Yeye alichezea kwenye kompyuta ya nyumbani kwao. Kwenye gemu mdogo wangu alijiita Mbalaga, kile chakula chetu cha ndizi. Shabani alijiita Ubwabwa. Basi ni utani kutwa nzima! Hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini walijuana kuliko watu waliolala chumba kimoja. Miaka inakwenda. Shabani alipofiwa na baba yake, Gwamaka alifunga kibanda, akakaa anaongea naye kutwa.

Mara nyingi walikuwa wanatumiana sauti. Siku moja Gwamaka alikuwa nyumbani, akampelekea mama simu mdomoni. "Mama, msalimie rafiki yangu wa Tanga." Mama akacheka, akamsalimia Kinyakyusa, "Ugonile, Ubwabwa!" halafu wakacheka wote wawili, yeye na mwanae, mpaka mama akakohoa. Sauti ile ikaenda Tanga. Mimi nilikuwa namenya ndizi, nikasonya. Nikawaona wana utoto.

Gwamaka alikufa kwa ajali. Alikuwa anatoka Kiwira kumrudishia mteja kompyuta yake, amepanda bodaboda, mvua na ukungu, wakakutana na lori. Dereva wa bodaboda alipona. Mdogo wangu hakupona.

Sitaelezea msiba. Aliyefiwa anajua.

Tulipomaliza kuzika, watu wakatawanyika, mama akanikabidhi simu ya Gwamaka. Kioo kimepasuka lakini inawaka. Nikaiweka kwenye sanduku langu. Nikakaa nayo bila kuigusa, mpaka Jumapili moja baada ya ibada nikaichaji. Ile kuwaka tu, meseji zikaanza kumiminika. Zote za Ubwabwa.

"Oya Mbalaga, umepotea, wametuvamia huku!"

"Kaka, mzima?"

"Kaka, kama nimekukosea niambie. Usininunie."

Wenzangu, hapo ndipo ilipokuwa njia panda. Nilitakiwa kuandika maneno mawili tu: Gwamaka amefariki. Na nilianza kuyaandika! Nikaandika "Gwamaka", nikaishia hapo. Kidole kikagoma. Nikaona nikimaliza sentensi ile ndio nitakuwa nimemzika mara ya pili, tena safari hii kwa mkono wangu.

Nikafuta. Nikaandika, "Nipo, kaka. Nilikuwa naumwa."

Akajibu papo hapo. "Alhamdulillahi! Ulinitisha wewe! Nilijua nimekupoteza."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikaa kitandani na gauni langu la kanisani nikicheka na machozi yananitoka. Kumbe duniani kulikuwa na mtu mmoja ambaye kwake mdogo wangu hajafa! Nilitaka kuishi huko kwa huyo mtu.

Kucheza nilijua kidogo. Gwamaka akiwa na wateja alikuwa ananipa simu, "Dada, nilindie mji." Basi nikaulinda. Saa ya chakula kiwandani wenzangu wanakaa kwenye majani kupiga soga, mimi nimejitenga ukutani na simu. Jioni jikoni maharage yanaungua, mimi niko vitani Tanga. Shabani akinitania, namrudishia kwa maneno ya Gwamaka. Niliyajua yote. Nilikuwa namsikia kabisa kichwani, naandika anavyosema.

Shabani aliuliza, "Mbona siku hizi hutumi sauti?"

Nikamwambia maiki imekufa.

"Fundi simu mzima maiki imekushinda!"

"Kinyozi hajinyoi," nikamjibu. Akacheka. Nikajiona mjanja.

Sasa nisikilizeni niwaambie sehemu inayonitia aibu kuliko zote. Nilianza kumpenda. Alikuwa mpole, ana maneno mazuri, anamuuliza Gwamaka habari za mama kila siku bila kuchoka. Halafu akaanza kuuliza habari za dada. "Dada yako yule mkali, hajambo? Kaolewa?" Na mimi nikaanza kumjibu. Nikamwandikia dada yangu si mkali, ni watu hawamjui. Dada yangu anajua kupika. Dada yangu ana moyo. Jamani! Nikajipigia debe kwa mdomo wa marehemu!

Siku moja akaniandikia, "Kaka, usikasirike. Nikija huko, utaniruhusu nizungumze naye?"

Nikaandika, "Wewe ni ndugu yangu. Ukija tutaongea." Nikaenda kuchota maji naimba. Kaburi la mdogo wangu liko pale migombani, njia ya bombani inapita kando yake. Nililipita naimba.

Mama hakujua chochote. Mama alikuwa anakonda tu. Macho yake yana mtoto wa jicho, picha ya Gwamaka iliyoko ukutani haioni vizuri. Anaipapasa. Akawa ananiuliza, "Hivi hakuna mahali ilipobaki sauti yake? Watu siku hizi si wanarekodi harusi, wanarekodi kila kitu?" Nikamwambia hakuna mama. Na kwenye simu ya Gwamaka kweli hapakuwa na kitu. Fundi yule alikuwa anaifutafuta simu yake kila wiki kujaribia programu za watu. Video za kwake mwenyewe hakuwa nazo.

Lakini ndani ya gemu zilikuwepo. Sauti zote alizomtumia Shabani, za miaka na miaka, zimepangana humo. Mimi nilizijua. Niliwahi kufungua moja, ikasema, "Oya Ubwabwa!" nikaizima kama nimeshika moto. Sikuweza kusikiliza. Na mama nikamficha. Ningemwambiaje ziko wapi bila kumwambia nafanya nini humo? Nikajisemea nitamwambia baadaye. Baadaye!

Kisha ikaja Alhamisi ile. Shabani akaniandikia kitu kikanitoa jasho.

"Kaka, leo nimekaa nasikiliza zile sauti zako za zamani. We jamaa umebadilika sana. Siku hizi unaandika kama mtu mwingine."

Nikamjibu ni uzee tu, nikaongezea habari ili kumpoteza: mama mguu unamuuma leo, nimemkanda maji ya moto. Akasema nimpe pole. Halafu akanyamaza. Ukimya wake ukaninyima raha. Nikaona kadiri anavyozisikiliza sauti zile ndivyo atakavyonigundua. Nitampoteza yeye, na Gwamaka nitampoteza tena.

Ijumaa, saa ya chakula, pale pale ukutani kiwandani, nilifungua sehemu ya sauti nikazichagua zote. Gemu likaniuliza: unataka kufuta upande wako tu, au kufuta kwa wote?

Liliniuliza, wenzangu! Siwezi kusema nilibonyeza kwa bahati mbaya. Nilisoma, nikaelewa, nikabonyeza kwa wote. Likaniuliza tena kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Kisha nikamalizia ugali wangu nikarudi kazini.

Kumbe wakati ule Shabani alikuwa ndani ya basi, anakuja kwetu. Alitaka kumshtukiza rafiki yake.

Jumamosi nilikwenda shamba kukata mkungu. Narudi nao kichwani, nakuta kijana amekaa barazani na mama, amevaa barakashia, begi miguuni. Sikumjua kwa sura. Mama amemshika mkono. Nikapita nyuma ya banda la ng'ombe nikawa nasikia.

Baadaye nilikuja kujua alivyofika. Alishuka Tukuyu akamwambia dereva wa bodaboda, "Nipeleke Ikuti kwa kina Gwamaka, fundi simu." Dereva akamtazama akamwambia, "Pole sana, kaka." Shabani akadhani anapewa pole ya safari. Akajibu, "Nimeshapoa." Na mama naye, alipomwona mgeni aliyetoka mbali, akajua amekuja kuhani.

"Ndaga, asante baba," mama alikuwa anamwambia. "Mungu akubariki kwa kuja. Tanga ni mbali."

"Mbali, mama, lakini nimefika. Gwamaka yuko wapi? Katoka?"

Mama akauliza, "Gwamaka yupi, baba?"

"Gwamaka mwanao. Mimi Shabani, mama. Ulinisalimia siku moja kwenye simu. Mimi ndiye Ubwabwa."

Mama akacheka! Alicheka kweli, nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Halafu kicheko kikakatika.

"Kumbe hawakukuambia. Baba yangu, mwenzio hayupo. Yuko pale migombani. Tumemzika, masika yamepita yote."

Shabani akasimama. Akatazama alikoonyeshwa, msalaba unaonekana. Akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Haiwezekani. Juzi tu nimeongea naye."

Nilidhani mama atasema kijana huyu ana wazimu. Hakusema. Alimvuta mkono akamkalisha, akamsogelea uso kwa uso na macho yale yasiyoona.

"Juzi? Alisema nini?"

"Mama..."

"Niambie, mwanangu. Alisema nini?"

"Alisema... alisema mguu unakuuma. Amekukanda maji ya moto."

Wenzangu, nimeona mambo mengi, sijawahi kuona uso wa mtu ukiwaka vile. Mama aliinua mikono yote miwili juu. "Anajua mguu unaniuma! Mwanangu ananiona! Ananiona, Bwana Yesu!"

Na mimi nimesimama na mkungu kichwani. Hata hapo sikusema! Nilipewa nafasi nyingine na nikaiacha ipite, nikisema moyoni, mwache afurahi, mwache mama afurahi kidogo.

Shabani hakufurahi. Nilimwona ananitazama. Alikuwa ameniona tangu zamani pale bandani. Alitoa simu yake, maana akaunti yake nayo ilimfuata mpaka kwenye simu, akaandika kitu, akabonyeza.

Mlio ukalia kwenye kitenge changu. Ule mlio wa gemu, kama kengele ndogo mbili.

Mama aliujua. Miaka yote alikuwa anausikia kwenye mfuko wa mwanae. Akageuza uso taratibu kuelekea nilipo. Mikono bado iko juu.

"Ni wewe?" akauliza.

Nikashusha mkungu chini. Nikapiga magoti nikasema kila kitu, lakini kusema baada ya kukamatwa si kuungama, ni kukamatwa tu. Mama hakulia wala hakunitukana. Alishusha mikono akaiweka mapajani, akakaa hivyo.

Shabani alikwenda kaburini peke yake. Alikaa huko akiwa amechuchumaa, anaomba dua yake, anajifuta uso kwa kofia. Ndani ya begi alikuwa amemletea Gwamaka pedi ya kuchezea, na mama kanga mbili. Pedi ile aliiacha juu ya kaburi.

Aliporudi alikuwa na macho mekundu, lakini ana adabu kijana yule! Alimpigia mama magoti.

"Mama, usilie. Sauti yake mimi ninayo. Zote ninazo. Hata ile uliyonisalimia, ipo. Utamsikia sasa hivi."

Mama akamshika bega. "Ipo?"

"Ipo mama. Wallahi ipo."

Nilitaka ardhi ifunguke. Nilimtazama anafungua simu, anatelezesha kidole juu, chini, juu tena. Akasema mtandao wa huku ni mdogo. Akasogea uani, akarudi. Akampigia mdogo wake Tanga, akaweka spika, "Hebu washa ile kompyuta, ingia kwenye gemu langu, fungua sauti za Mbalaga."

Tukangoja. Mama amekaa mbele kabisa ya kiti, ameinamisha sikio kwenye simu.

"Kaka, hamna kitu," ile sauti ya Tanga ikasema.

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Imeandikwa zimefutwa. Jana. Mbalaga mwenyewe ndiye kazifuta."

Jana! Ningengoja siku moja tu. Siku moja!

Shabani hakuniuliza. Alikata simu. Mama naye hakuniuliza, lakini alikaa vile vile ameinama kuelekea simu, kama anadhani itaongea.

Tumewaandikia wenye gemu. Shabani ndiye aliyeandika, kwa heshima, akaeleza yote. Walijibu kwa upole kwamba kilichofutwa kwa wote kimefutwa kila mahali, na hawawezi kukirudisha. Fundi mwingine wa Mbeya aliikagua simu, na kompyuta ya Tanga ikakaguliwa. Hakuna. Kile ambacho mdogo wangu alisema hakiwezi kupotea, mimi nilikipoteza kwa kidole kimoja nikiwa nakula ugali.

Shabani aliniandikia mara moja tu baada ya kuondoka. "Umeninyima msiba wangu. Wenzangu mlikuwa mnalia, mimi nilikuwa nacheka na wewe." Kisha akaufuta mji wote waliojenga wawili wale, na jina la Ubwabwa halipo tena.

Mama alihamia Kiwira kwa mama mdogo. Hakugombana nami. Alisema tu anataka kubadilisha hewa. Kwaya ya kanisani niliyokuwa naimba nimeiacha mwenyewe, siwezi kusimama mbele za watu nikafumbua mdomo. Kazini naenda, narudi, napika chakula cha mtu mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama, nikampelekea ndizi na maziwa ya mtindi anayoyapenda. Alinipokea mlangoni. Akanishukuru, akanikaribisha kiti, akamwambia mama mdogo, "Mgeni apewe chai." Si kwa hasira, la. Alisema kwa upole kabisa. Nikanywa chai ile. Nilipoaga akanisindikiza mpaka barabarani kwa fimbo yake, akaniambia asante kwa kutukumbuka. Mama yangu mzazi!

Wewe unayesoma hapa, na simu ya marehemu wako iko kabatini, nakuomba. Usivae jina lake hata kwa dakika moja, hata kama huko ndani kuna mtu anakuita kwa upendo. Zitafute sauti zake leo, kabla hujafanya lingine lolote, uziweke mahali pawili au patatu na uwapelekee wazazi wake wazisikie. Halafu uwaandikie wale rafiki zake wa mtandaoni ambao hujawahi kuwaona, uwaambie amefariki.

Watalia. Waache walie.